Doa kwenye Swali la Kumi na Saba

Mashine ya tatu, ile ya karibu na ngazi,
hukohoa kabla ya kutema karatasi.
Nimeizoea. Mwaka wa sita huu nipo chini ya maktaba,
Dundee, pasipo jua ila la taa,
nachapa mitihani ya watu nisiowajua.
Wakifaulu, wakifeli, yangu macho.

Jumanne akashuka Dokta Eilidh Geddes,
koti linachuruzika, vijitabu viwili kwapani.
Hamna neno ndani, maumbo tu:
duara, pembetatu, msalaba,
visanduku tisa, na cha tisa kitupu
kama pengo la jino.
"Anayefikiri ataziba," akasema.

Kijitabu cha kwanza mistari minene, rangi zimekolea,
kila umbo limepewa pa kupumulia.
Cha pili mistari kama unywele wa kichanga,
kijivu juu ya kijivu, maumbo yamepandana
mithili ya nguo kwenye sanduku la msafiri.
"Kanuni ni ile ile. Jibu ni lile lile.
Ila wa hiki hupata kumi na nane,
wa kile kumi na mbili."

Nikamuuliza, hizo sita huenda wapi?
Akafuta miwani kwa ncha ya skafu.
"Huishia njiani. Jicho linatafuta, linatafuta,
hata akili ikifika, imeshachoka."

Macho hayana pazia, twasema kwetu.
Kumbe yana kizingiti,
na kuna wanaojikwaa hapo
tukawaandika kuwa hawajui kutembea.

Nikachapa arobaini na arobaini.
Nikapanda basi la Hilltown, mvua ubavuni.

Usiku nikafungua mtoto wa meza.
Bahasha ya shule, ya mwaka juzi:
Ruzuna binti Makame, miaka minane,
uwezo wa kutambua mpangilio: chini ya wastani.
Tulitia saini kwa kalamu ya kuazima.
Mama yake aliilaumu baridi,
mimi nikailaumu televisheni,
naye mtoto, katikati yetu, hakumlaumu mtu.

Swali la kumi na saba, nukta:
moja, mbili, tatu.
Mbili, tatu, nne.
Tatu, nne, na pengo.
Jibu lao: tano.
Ruzuna kaweka saba. Mkasi wa wino mwekundu juu yake.

Nikasogeza taa.
Kwenye kile kisanduku cha nne, pembeni,
doa.
Jeusi, la mviringo, saizi ya nukta zenzake.
Naijua alama hiyo kama ninavyojua kovu la goti langu:
silinda ikikwaruzika, hudondosha doa
pale pale, kila karatasi, mpaka mtu aifute.
Na sisi huku chini
tuliwahi kuchapia shule.

Sikulala vizuri.

Asubuhi, uji mezani, nikamwekea karatasi.
Kwa nini saba?
Hakukumbuka. Akaitazama kwa kijiko mdomoni,
kidole kikatembea, hakikuruka kitu.
"Moja na mbili, tatu.
Mbili na tatu, tano.
Tatu na nne, je, baba?"

Nukta tano. Alihesabu tano,
maana karatasi ilimpa tano.
Kamwe hakuambiwa ipi ni nukta
na ipi ni uchafu wa mashine.
Ningemjibu nini? Nikamwambia ale, basi litamwacha.

Dokta alirudi saa nne kutaka nakala zaidi.
Akanikuta nimepiga magoti, mashine ya tatu kifua wazi,
mkono mpaka kwenye kiwiko ndani yake.
Wino usoni, nadhani; alinitazama sana.
"Imeharibika?"
Hapana, nikamwambia. Nafuta.
"Wenzio hawafuti kila siku."
Nikaugeuza upande wa pili wa kitambaa,
ule uliokuwa bado mweupe.